Ami Yangu, Mjomba Wake

Makubadhi ya mume wangu yalikuwa na sauti ambayo nikiifikiria mpaka leo naisikia. Ngozi ngumu juu ya udongo wa kichochoro, pwa, pwa, pwa, hadi mlangoni petu. Hapo husimama. Mimi nimo ndani, mkono juu ya kifuniko cha sufuria, nangoja mlango usukumwe. Kimya. Halafu pwa, pwa, pwa, inarudi ilikotoka, inapungua, inapotelea upande wa msikitini. Na wali wangu unapoa.

Hakuwa na mwanamke mwingine. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza nililoulizwa na kila mtu, na kila aliyesikia jibu alinitazama kama nimemnyima utamu. Mwanamke mwingine angekuwa na mtaa wake na mlango wake, na jamaa wangejua pa kuanzia. Mume wangu alikuwa anafika mlangoni, basi, akarudi.

Mimi kwa asili ni mtu wa kucheka. Shule niliishia darasa la saba, na baada ya hapo nikakaa nyumbani nikishona kofia, sindano mkononi na akili mbali. Nilikuwa nikijijengea nyumba kichwani, yenye madirisha mawili yanayotazama nje na mapazia ya manjano, na ndani yake watu wawili wanaozungumza. Wenzangu wakiota dhahabu, mimi nilikuwa naota mazungumzo. Nilipoambiwa nitaolewa na mtoto wa shangazi yangu, nilifurahi. Nilijua anavyocheka, nilijua anavyopenda samaki wake. Tulikuwa tumekula sinia moja tangu tuna meno ya utoto. Tutakosaje la kuzungumza?

Alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya watalii Watamu, na tulikaa Malindi nyumbani kwa mama yake, chumba cha chini. Mama yake ndiye shangazi yangu, dada wa baba yangu, tumbo moja. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wanawake waliniziba uso kwa kanga, wakamtoa chumbani, na wanaume wakaenda kumzika. Nilipoamka kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyingine na kila kitu cha mtoto kilikuwa hakipo, hata kile kikofia nilichomshonea. Hakuna aliyesema neno, siku ile wala baadaye. Mume wangu naye hakusema. Hapo ndipo makubadhi yake yalipoanza kurudi.

Tukaja tukagombana kwa sababu ya pazia. Nilikuwa nimelitundika mlangoni mwa chumba chetu, shangazi akalitoa kulifua, na lilipokwisha kufuliwa halikurudi. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mama yako anirudishie pazia langu."

"Mwambie mwenyewe. Si shangazi yako?"

"Si mama yako?"

"Na wewe si damu yake? Kwani mimi ndiye niliyemfanya shangazi yako?"

Hivyo hivyo, mama yako, shangazi yako, mpaka sauti zikapanda, na juu kule nikasikia dirisha la shangazi likifunguliwa ili tusikike vizuri zaidi. Mume wangu naye alilisikia. Akageuka kijivu usoni, akasema, "Basi nimekuacha. Talaka moja." Kwa ajili ya pazia! Nikachukua mkoba wangu, nikajitanda buibui, nikarudi kwetu, vichochoro viwili tu kutoka pale. Nilifika kabla machozi hayajanitoka.

Sasa, desturi yetu mume na mke wakifika hapo ni kukalishwa watu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, wakawasikiliza na kuwapatanisha. Ni desturi nzuri na ina asili yake katika dini. Lakini sisi tulioana nyumbani, damu kwa damu. Mkubwa wa upande wangu ni ami yangu, kaka wa baba. Mkubwa wa upande wake ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Ni mtu yule yule mmoja.

Simlaumu, alijitahidi. Siku ya Ijumaa baada ya sala aliketi upande wa kulia wa jamvi, akakohoa, akasema, "Sasa nasema kama ami wa huyu msichana. We kijana, umemvunjia heshima mwanangu. Pazia ni kitu cha kumwachia mtu?" Kisha akajisogeza kwa makalio, jamvi likimkunjikia miguuni, hadi upande wa kushoto. "Sasa nasema kama mjomba. We msichana, mwanangu huyu anashinda juani akipanda nguzo, anarudi anakuta makelele. Ni haki?"

Baba akamwuliza, "Na hapo ulipo sasa, katikati, wewe ni nani?"

"Hapa nanywa maji."

Nilicheka. Mama akanifinya paja mpaka nikanyamaza. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika, nikajua naye anacheka, na kwa dakika ile nilimpenda kama zamani. Lakini hakuna aliyetuuliza kitu. Ami alipatana na nafsi yake upesi sana. Akasema ndoa ya nyumbani haivunjwi, akasoma fatiha, na nikarejewa kabla eda haijaisha. Kufika alasiri mtaa mzima unajua habari ya pazia. Nikienda bombani kuteka maji wasichana wananiimbia, "Bi Pazia! Bi Pazia huyo!" Nami naitikia kwa kicheko kama vile ni mzaha wangu mwenyewe.

Nilirudi chumbani na hofu ambayo sikuwa nayo kabla. Neno lile likishatamkwa mara moja mdomo unalizoea. Zilibaki talaka mbili, na ya pili watu wengi niliowajua iliwatoka kwa jambo dogo kuliko pazia. Nilitaka tupate mtu wa kutusikiliza kabla halijatoka tena. Nikamwuliza mama, "Mama, mtu akitaka kushauriwa kabla hajaachwa, anakwenda wapi?"

"Kabla hajaachwa anakaa kwa mumewe."

"Na akitaka asiachwe?"

"Anakaa sana."

Mama hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye, mambo ya ndani hutolewa nje yakishaharibika, kama vile mtu hupelekwa hospitali akishazimia. Mimi nilikuwa naona tunaugua bado tunatembea. Nilimfikiria kadhi, lakini kwa kadhi watu walikwenda na jambo la kuamuliwa, huyu hapewi matumizi, yule anataka haki yake. Mimi ningemwambia nini mzee wa watu? Kwamba mume wangu anafika mlangoni akarudi? Somo aliyenifunda kabla ya harusi, naye ni binti wa dada wa nyanya. Popote nilipoelekeza uso nilikutana na damu yangu.

Tulikuwa tunachota maji bomba moja na mwanamke wa bara, mumewe karani. Alikuwa mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda njia yake chenyewe. Siku moja aliposikia wale wasichana wakiniimba, aliwarushia maji kwa kiganja, kisha akaniuliza, "Jirani, hii maneno ya pazia, mlisikizwa na nani?"

Nikamweleza habari ya ami na jamvi. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Halafu akajifuta macho. "Sisi kule kanisani ukioa wanakupea mabwana na bibi wamekaa kwa ndoa miaka mingi, wanakusimamia. Si watu wa boma yenu. Mkikosana mnaenda kwao, nyinyi wawili, mnaongea."

"Si jamaa hata kidogo?"

"Jamaa ya nini? Jamaa ndio wamewakosanisha!"

Neno hilo nilikaa nalo siku kadhaa. Nikaanza kuota: mtu asiyekuwa na ami wala mjomba, asiyejua babu yetu alikuwa nani. Ni huyo huyo jirani aliyeniambia baadaye kwamba Kilifi, katika kliniki moja ya akina mama, kuna muuguzi wa kutoka bara ambaye ana chumba cha pembeni, na siku fulani ya wiki hukaa na mke na mume waliopotelewa na mtoto au wasioelewana. Yeye mwenyewe alikwenda na mumewe baada ya mimba kumtoka. "Ni msichana tu," akasema. "Lakini masikio iko."

Ilibaki kumwambia mume wangu. Magharibi moja, taa ndiyo kwanza nimeiwasha, nikayasikia makubadhi yanakuja. Sikungoja yasimame. Nikafungua mlango, tukagongana uso kwa uso.

"Unakwenda wapi?" akashtuka.

"Nimekuja kukupokea. Ingia, ama tutoke wote."

"Ndani kuna watu."

"Watu gani? Niko peke yangu."

Akainua macho kwenye dirisha la juu. Nikashusha sauti nikamweleza, pale pale kichochoroni, haraka haraka, kama mtu anayeuza kitu cha wizi. Alinisikiliza akitazama ukuta.

"Yaani nikamwambie mwanamke wa bara mambo ya chumbani kwangu? We bibi una akili?"

"Yule wa bara hana hata binamu mmoja Malindi."

Akacheka puani, kidogo tu. "Hilo kweli," akasema. "Hilo halijapata kutokea."

Shangazi aliposikia tunakwenda Kilifi kliniki ya akina mama alijijazia mengine mwenyewe. Aliinua mikono juu akashukuru, akanichemshia mayai ya njiani, akatufukiza ubani sisi wawili mpaka mume wangu akakohoa. "Inshallah mtarudi na habari njema." Hatukumwambia ndiyo wala siyo. Garini tulikaa mbali mbali kama watu wasiojuana, na pale Gede alipopanda mzee mmoja aliyemjua babu, mume wangu aligeuza uso dirishani mpaka Matsangoni. Yai nilimpa chini chini. Alilila.

Muuguzi alikuwa mdogo kweli, umri wetu au zaidi kidogo, na mafua. Wote walimwita sista. Alifunga mlango, akapenga kamasi, akasema, "Poleni. Hapa tuko watatu. Asitajwe mtu ambaye hayuko ndani ya chumba hiki. Kila mmoja aniambie jambo moja linalomuuma. Mama, anza."

Jambo jepesi, nikawaza. Nikajiweka sawa. "Linaloniuma ni kwamba shangazi—"

"Shangazi hayuko hapa."

"Haya. Ni kwamba ami yangu alipotukalisha—"

"Huyo pia hayuko."

Mume wangu akanitupia jicho la ushindi. Sista akamgeukia. "Baba, wewe?"

"Mimi sina neno baya na mke wangu. Tatizo mama yangu—"

"Anaitwa nani kwenye chumba hiki?"

"Hayuko," akasema mume wangu, akajishika paji la uso. Tulijaribu tena. Mimi nikamtaja mama, yeye akamtaja mjomba, tukaambiwa tuanze upya, tukaanza, tukashindwa. Mwanzo nilikuwa nacheka. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu niligundua kwamba sina hata sentensi moja juu ya mume wangu isiyokuwa na mtu mwingine katikati. Nje akina mama walikuwa wanabembeleza watoto wao, na kila mtoto alipolia nilimwona mume wangu akikaza taya.

Akasema, akitazama viganja vyake, "Nilimbeba mimi."

"Nani?" sista akauliza.

"Mtoto. Hawakutaka, wakasema wewe kijana tulia, lakini nilimbeba mimi mpaka makaburini. Alikuwa mwepesi. Niliogopa upepo utamchukua. Niliporudi nikaambiwa nisimtajie mke wangu, nitamtia wazimu. Basi. Nikifika mlangoni nakuwa na hilo tu kichwani. Sina jingine. Na hilo nimekatazwa kuingia nalo."

"Nani alikukataza?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri. Sista akainua kidole, hayuko. Hakukuwa na haja ya jibu. Sote wawili tulikuwa tunaliona lile dirisha la juu.

Nikauliza jingine, ambalo nilikuwa nimelala nalo miezi yote ile. "Alifanana na nani?"

"Na babu," akasema. "Paji lile lile."

Babu yetu ni mmoja. Sote tuna paji lile, yeye, mimi, ami, shangazi, wote. Nikalia na kucheka kwa pamoja, na mume wangu akanivuta ncha ya buibui, kama alivyokuwa akinivuta tukiwa wadogo anapotaka nimtazame.

Sista alitupa kazi moja. Tutoke nje ya nyumba pamoja kila jioni, tutembee, tuzungumze kwa sharti lile lile la chumbani. Kwake lilikuwa jambo dogo. Kwetu, mwanamume kutembea na mkewe jioni bila ya safari wala msiba wala mgonjwa wa kumtazama, ilikuwa ni kujianika. Tulijaribu. Siku ya kwanza hatukuwa na la kusema ila kuhusu nyaya za umeme. Siku ya pili aliniambia juu ya nyoka aliyemkuta ndani ya swichi hotelini, akanieleza alivyopiga mbio na koleo mkononi mbele ya wageni, nikacheka mpaka nikajikwaa. Nikamweleza nyumba yangu ya mapazia ya manjano. Hakunicheka. Aliuliza nyaya zitapita wapi.

Lakini palikuwa na baraza ya vijana kwenye kona, na hatukuwa na njia nyingine. "Yakhe, leo unamtoa kukausha?" "Mwache, anamfunza njia ya kwao, asije akapotea akirudi." Yeye alikuwa anajibu kwa mzaha, na kila siku mzaha wake ulikuwa unapungua.

Shangazi naye alingoja, akachoka kungoja. "Wamekupa dawa gani huko?" akaniuliza mbele ya mwanawe. "Naona kutembea tu. Siku hizi uzazi unatafutwa kwa miguu?"

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, amechoka. "Hatukwenda kutafuta mtoto, mama. Tulikwenda kuzungumza."

"Kuzungumza na nani?"

"Na mtu."

Shangazi akakaa chini polepole. Nilimwona ameumia, na mimi ni mwepesi wa huruma, nilitaka kumkumbatia. "Mimi nimekufa?" akasema. "Nilikuogesha, nikamwogesha na huyu, leo mmekwenda kwa mtu?"

Jamvi likatandikwa tena. Safari hii ami hakuhama upande. Alikaa katikati tangu mwanzo, akasema sisi tumeibeba nyumba yake tumeipeleka sokoni Kilifi, na kwamba mwanamume mwenye mke anajua namna ya kumzuia asitoke. Kila mtu pale alielewa. Mwanamume akimwambia mkewe, "Ukienda mahali fulani umeachika," na mke akaenda, basi talaka imepita, hata kama mume yuko mbali kwenye nguzo yake na hajui. Baba yangu alitazama mlangoni. Mume wangu alitoka jasho kama aliyesimama juani.

Kesho yake mchana, kabla hajaenda zamu, alisimama katikati ya chumba chetu. Siku ya kurudi kwa sista ilikuwa inafuata. Yeye alijua, nami nilijua.

"Usiende," akasema.

"Twende wote."

"Sitaki tena kuimbwa mtaani. Sitaki jamvi. Nimechoka." Na sauti ikaanza kumpanda. "Wallahi, ukienda Kilifi tena, basi—"

Akafunga mdomo. Nikamngoja. "Basi nini?" nikamwuliza. Midomo yake ilijaribu, nikaiona ikijaribu. Kisha akachukua mfuko wake wa vifaa akatoka, neno likiwa bado limo kinywani mwake, na sikujua kama njiani atalimeza au atalitema.

Mchana ule wote nilikaa na kofia mapajani bila kushona tundu moja. Nilipima. Nikikaa, nitakaa sana, kama mama alivyosema, mpaka siku neno lile litakapotoka kwa ajili ya pazia jingine. Nikienda, labda limeshatoka mahali nisipolisikia. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba wakati wa kutafuta msaada hakuna atakayeupigia kengele. Ulikuwa umeshafika, nami nilikuwa nauogopa.

Asubuhi mume wangu alikuwa hajarudi kutoka zamu. Nilimsalimu shangazi shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikashika njia.

Kilifi benchi la sista lilikuwa limejaa akina mama. Walisogea wakanipa nafasi mwishoni karibu na ukuta, nikakaa. Kila ulipofunguliwa mlango wa nje niligeuka. Aliingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akaingia mzee na fimbo, akaingia mfagiaji. Mwanamke mmoja mnene akasogea, akatazama nafasi iliyokuwa imebaki kati yangu na ukuta.

Nikauchukua mkoba wangu kutoka mapajani, nikauweka hapo pembeni yangu, mahali pa mume wangu, nikaushikilia kwa mkono.